Fuko, Taa, na Wewe Unayeshuka Pwani

Tusekile mwanangu,

Mambo ya sweta, mswaki na soksi ameshakwambia bibi yako, na atakwambia tena kesho mpaka basi litie moto. Mimi sitayarudia. Nimekaa huku stoo, juu ya gunia la viazi, kwa sababu sebuleni yupo shangazi yako, huyu aliyekuja kukuchukua akupeleke kwa baba yako, anakunywa chai kwenye kikombe changu na sitaki kumtazama. Mvua inapiga bati. Mtu akilia huku hasikiki. Lakini silii. Nimekasirika.

Nimekukasirikia wewe kwanza. Wengine nitawafikia.

Jana mchana bibi yako alikuwekea viazi vya kuchemsha na maharage, chakula ulichokila tangu uote meno. Ukasukuma sahani ukasema, "Mimi si fuko." Mjomba wako Ambakisye akacheka mpaka akapaliwa, maana hakuelewa. Mimi nilielewa. Neno lile halikuwa lako. Juzi baba yako alikupigia video, ukaweka sauti ya juu, nyumba nzima tukamsikia: "Binti yangu, utakula viazi mpaka lini? Huko wote mafuko tu, wamejichimbia kwenye baridi. Njoo pwani uone viumbe." Kisha akageuza simu akakuonyesha taa, yule samaki bapa, kalazwa juu ya meza pale anapokaangia samaki, mpana kama mlango wa banda la kuku, mkia umening'inia hadi chini. Ukapiga kelele, "Mama mdogo, njoo uone taa wa baba!" Sikuja. Nilikuwa nimeshamwona kutokea jikoni.

Bibi yako aliifunika ile sahani akaiweka kabatini, kama mtu anayemwekea chakula mgeni aliyechelewa. Mimi nikasema, "Tuse, vaa sweta, ukungu unashuka." Hukugeuka hata shingo.

"Wewe si mama yangu. Mama yangu alikufa."

Ni kweli, alikufa. Dada yangu alikufa wewe huna hata jino, na mimi niko darasa la pili. Kwetu mdogo wa mama ni mama, basi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Walikufunga mgongoni kwangu kwa kitenge chake, miguu yako ikifika kwenye magoti yangu, nikaenda nawe kuchota maji, nikaenda nawe shambani, nikasoma kitabu cha hadithi huku nakutikisa. Sasa niko kidato cha tano. Sijawahi kuongea na mvulana bila kutazama viatu vyangu, na nina mtoto wa miaka kumi. Wenzangu darasani wakinisikia nasema "mwanangu" wanacheka. Waache wacheke. Neno lako wewe ndilo lililoniuma.

Kwa mdomo sijui kugombana, unajua. Nikianza, sauti inapotea. Kwa hiyo nilifanya ninachokijua: nilikwenda maktaba ya shule nikaazima kitabu. Baba yako amemlinganisha fuko na taa. Haya, na mimi nitawalinganisha, ila mimi nitafanya kama tunavyofundishwa, macho kwa macho na mkia kwa mkia, halafu tuone nani wa kuchekwa.

Macho. Ya fuko ni madogo kama punje za ulezi, na hayamfai sana. Anajua kwa pua, na kwa jinsi udongo unavyotikisika. Taa ana macho mazuri, yamekaa juu ya mgongo, anaona kila kinachopita juu yake. Lakini mdomo wake uko chini, tumboni, kwa hiyo anachokila hakioni. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Baba yako mzima, nikasema. Anayaona yote isipokuwa anachokitafuna.

Meno. Ya fuko yametokeza nje ya midomo, na midomo inajifunga nyuma yake, ili achimbe kwa meno bila kula udongo. Sura yake ni mbaya, nakubali. Taa meno yake ni kama sakafu ya vigae, anasagia kaa na konokono.

Mkia. Wa fuko ni kipisi tu. Ukimshika anageuka kukung'ata, lakini atakung'ata uso kwa uso. Silaha ya taa iko nyuma, mwiba wenye sumu, na anautumia akiwa amejifukia mchangani, huoni unamkanyaga nani. Hapo tena nilicheka, lakini kidogo.

Sasa watoto. Hapa usome polepole.

Taa hatagi mayai kama samaki wengi. Anazaa mtoto mzima, mwenye umbo lake na kimwiba chake tayari, halafu anaogelea anakwenda zake. Ndiyo mwisho. Hamwonyeshi chakula wala hamfichi. Mafuko wetu hawa wa shamba la viazi wanaishi ukoo mmoja kwenye njia zao za chini, na anayezaa ni jike mmoja tu. Wale wengine, wakubwa na wadogo, wanachimba, wanaburuta viazi kupeleka ghalani, wanawarudisha watoto kwenye malazi wakitambaa mbali. Dada na mama wadogo, Tuse. Kitabu hakikusema hivyo, hivyo nimesema mimi.

Kwa hiyo ukiniita fuko, umenisifu. Sijui kama ulijua.

Nilitaka kuishia hapo. Nilishaandika hata jina langu chini. Lakini nilipoisoma tena nikaona nimefanya kama wale wanaojibu swali moja la mtihani vizuri kisha wanayaacha mengine. Kuna jambo la fuko nimeliruka, na wewe unalijua kuliko kitabu, kwa sababu tulilishuhudia pamoja.

Unakumbuka Ambakisye alipotega kule juu, karibu na mkaratusi ulioanguka? Wewe uliuliza chambo kiko wapi. Akasema hakuna chambo. Alifukua njia ya fuko kwa jembe, akaiacha wazi, akaweka kitanzi cha waya pale mdomoni na kijiti amekikunja kama upinde. "Fuko haumwi na njaa," akasema, "anaumwa na upepo." Ukamcheka. Tukakaa kimya nyuma ya tuta. Haukupita muda udongo ukaanza kusogea ndani ya lile tundu, fuko anausukuma kuja kuziba, maana hawezi kuvumilia mwanga na upepo nyumbani kwake. Kijiti kikafyatuka. Ukasema, "Si angeacha tu wazi, akapita njia nyingine?" Ambakisye akakwambia, "Angekuwa na akili hiyo, sisi tungekula nini?" Ukala kipaja chote wewe mwenyewe jioni ile. Mimi nilikula shingo.

Angeacha tu wazi. Ulikuwa na miaka saba.

Baba yako alipokuwa anapiga simu, simu ya bibi ilikuwa inakaa kwangu. Kila mara nilisema, "Tuse amelala." Mchana kweupe. Siku moja ulikuwa mlangoni na mpira mkononi, ukasikia, ukaniuliza, "Mama mdogo, mbona umesema nimelala?" Nikakwambia nenda kanawe miguu. Ukiuliza baba yuko wapi, nilikuja mbio na udongo. Ukiuliza anafananaje, udongo. Ulipotaka picha yake nilikwambia ziliungua, na huko kuungua nilikutunga pale pale, mbele yako, nawe ukanitazama kama mwalimu anayetazama daftari la aliyenakili kwa mwenzake. Nilidhani naitunza nyumba. Wewe ukaenda zako kwa Ambakisye, ukamwomba simu yake, na baba yako akaingia kwa njia ile, amebeba taa wake na maneno yake matamu, wala hakukuwa na mtu wa kukwambia lolote juu yake kwa sababu mwenye kujua alikuwa ameziba.

Basi nikwambie sasa, na nitasema pamoja na hasira zangu, usitegemee niwe sawa kama mizani.

Baba yako alikuwa utingo wa malori ya barabara kuu. Mama yako alikuwa Ruaha Mbuyuni, amekwenda kuvuna vitunguu kwa kibarua na akabaki kuuza barabarani. Lori liliharibika pale, likakaa. Baba yako alikuwa anamchekesha. Bibi yako anasema hakuna mtu aliyewahi kumchekesha dada yangu kama yule mpumbavu, na anasema "mpumbavu" kwa sauti ya mtu anayekumbuka vichekesho vyenyewe. Alimpeleka kwao pwani. Wakagombana, akarudi na wewe tumboni, hakutuambia waligombania nini. Msibani baba yako alikuja. Alikaa nyuma kabisa, karibu na kuni, hakula. Wazee walimwambia mtoto atabaki huku mpaka akue, akaitikia kwa kichwa, akaondoka kabla ya kufagia majivu ya kumaliza msiba. Kwa hilo sijamsamehe. Angegomba hata kidogo! Angesema hata neno moja! Mimi nilikuwa mlangoni na wewe mgongoni, na alitupita kama mtu anayewapita watu kwenye foleni.

Sasa amekumbuka. Na wazee wale wale, wiki iliyopita, wamekaa sebuleni kwetu na kusema mtoto ni wa baba, ameshakua, aende akasome huko. Niliwaletea chai. Mzee mmoja akauliza, "Na huyu binti yenu anasemaje, si ndiye aliyelea?" Wakanigeukia wote. Nikatazama viatu vyangu. Nikasema, "Sukari iko hapo." Ndilo nililosema kwenye kikao cha kukuondoa, Tusekile. Sukari iko hapo. Nikaenda jikoni nikawachukia wote, mmoja mmoja, kwa majina, huku nasugua sufuria iliyokuwa safi.

Nawachukia bado. Nasema kweli. Naichukia na bahari ambayo sijawahi kuiona.

Nimetoka stoo kidogo, nimerudi. Nilikwenda kuchukua maji, shangazi yako akaniwahi mlangoni. Amevaa koti la Ambakisye juu ya baibui, mikono ameificha ndani.

"Mwanangu, baridi hii mwaiwezaje? Wallahi meno yangu yanagongana hata kwa chai."

Nikasema tumezoea.

"Mbona wanikimbia? Mie sili watu."

Nikamwuliza lile swali lililokuwa kichwani, nalo likatoka kwa ukali: huyo taa wenu anaua?

Akacheka. "Taa? Maskini ya Mungu, yule ni mwoga. Ajilalia zake mchangani. Hakuchomi mpaka umkanyage, na mpaka umkanyage ni kwa kuwa hakukusikia waja. Sie tukiingia majini hatunyanyui mguu, twaburuta. Hivi." Akaburuta ndala zake kwenye sakafu yetu ya saruji, sha, sha, sha, mpaka bibi yako akaita kutoka chumbani, "Wewe Anyesile! Inua miguu, unatembea kama uliyefiwa!" Alidhani ni mimi. Shangazi yako akaziba mdomo kwa koti. Na mimi, nisamehe, nilicheka.

Halafu sikucheka tena, kwa sababu nilikumbuka Madibira.

Mwaka jana tulipokwenda kupandikiza mpunga, ulikuwa unazama kwenye tope unalia, nikakufundisha: nyanyua goti juu, chomoa mguu wote, uweke mbele, nyanyua tena. Ukajua kuliko sisi. Ulikuwa unatembea majarubani kama korongo, na kila mtu akakusifu, na tangu siku ile ukiona maji yoyote, hata dimbwi la barabarani, unanyanyua goti. Nimekufundisha vizuri sana kitu ambacho kule kitakukanyagisha mwiba. Hakuna mtu wa pwani atakayefikiria kukuonya, kwa kuwa kwao hakuna mtu anayetembea hivyo. Kwa hiyo nakuonya mimi: majini, Tuse, usitembee kama Madibira. Buruta.

Kuna jambo moja sikumwuliza kwa kucheka. Kwenye ile video, nyuma ya baba yako, ukutani, umetundikwa mkia wa taa uliokauka, mweusi, mrefu kama fimbo ya mchungaji. Ulimwuliza wa nini. Akasema, "Huu ni wa watoto wasiosikia." Ukacheka. Nikamwuliza shangazi yako. Akasema ulikuwa wa babu yake, umetundikwa tangu enzi hizo, kazi yake ni kufukuza paka wanaoiba samaki. Labda. Alinitazama machoni aliposema. Lakini mimi sijamwamini, na hutanilazimisha nimwamini mtu kwa sababu amenichekesha. Mama yako alichekeshwa pia.

Kwa hiyo sikiliza. Ule mkia ukibaki ukutani, vizuri. Ukishuka ukutani ukakugusa, usizibe. Hilo ndilo ninalotaka ulishike hata kama barua hii utaitupa dirishani pale Ipogolo, basi likifika Iringa. Usivae sweta kufunika mkono. Usiseme umeanguka. Usijiambie kwamba ni aibu ya nyumba na nyumba ni lazima iwe na giza. Mwambie mwalimu wako, mwambie shangazi huyu, mwambie jirani anayepita, chukua simu ya yeyote umwambie Ambakisye, namba yake unaijua kwa kichwa tangu ulipokuwa unamwomba simu. Acha tundu wazi, upepo uingie, watu waone. Nitakuja. Sijawahi kupita Iringa kwenda chini, na nikisimama mbele ya kondakta sauti itapotea, lakini nitakuja.

Na kama hautashuka, kama ni mkia wa kufukuzia paka kweli, na baba yako ni mtu wa kuchekesha aliyekaa karibu na kuni kwa sababu aliona haya, basi hilo nalo usinifiche. Usiniandikie kwamba unateseka ili nifurahi. Najua unaweza kufanya hivyo. Wewe una huruma mbaya, ya kuwapa watu wanachotaka kusikia.

Mvua imepungua. Nimeisoma barua hii yote tangu juu, na nimeona kitu ambacho sikukiweka mimi. Nilikaa hapa kumchora baba yako kama taa na mimi kama fuko. Lakini ni nani katika nyumba hii anayejifukia akanyamaza mpaka hakuna anayejua alipo? Anayeona kila kitu kutokea jikoni? Jana ulinikanyaga, mtoto wa miaka kumi, unakimbilia baba yako, hukujua kwamba nimelala hapo. Ungejuaje? Sikuwahi kukwambia kwamba ukiondoka nitabaki sina kazi ya mikono yangu. Nilikwambia vaa sweta. Na kwa kukanyagwa huko nimekuchoma kurasa zote hizi, kwa nyuma, nikiwa stoo.

Sifuti. Hasira ilikuwa ya kweli na bado haijaisha, na yale niliyosema juu ya wazee nayarudia. Ila ujue mwiba ulitoka kwa nani.

Viazi vyako vya jana bado viko kabatini, vimefunikwa. Bibi yako ameshikilia kwamba hakuna atakayevigusa. Vile akivikaanga asubuhi, ule au usile, lakini usiseme kitu.

Kesho nitakubebea begi mpaka stendi. Sitaweza kuongea, hilo tusidanganyane; wewe utakuwa mbele na shangazi yako, mtakuwa mnapiga stori, na mimi nitakuwa nyuma. Usigeuke kama hutaki. Nitavaa ndala, na bibi yako apige kelele atakavyo, nitaburuta miguu njia nzima, ili unisikie kwamba nipo.

Mama yako mdogo,
Anyesile